Arusi Isiyosikilizwa

Mnamo mwezi wa Oktoba 2010 ilienea duniani video iliyopigwa katika kisiwa kimoja cha hoteli huko Maldivi. Mume na mke kutoka Uswisi, waliokwisha kuoana kwao, walilipa ili warudie ahadi zao za ndoa ufukweni, kwa kile walichoambiwa kuwa ni mila ya wenyeji. Akasimama mtu mbele yao, akawasomea kwa sauti ya ibada, kwa lugha ya Kidhivehi, nao wakasikiliza kwa adabu. Kumbe alikuwa akiwatukana. Aliwaita makafiri na nguruwe, akasema ndoa yao si ndoa. Na karatasi aliyoishika mkononi, kwa habari zilizotolewa baadaye, haikuwa dua wala shairi bali ilihusu masharti ya kazi ya wafanyakazi. Nchi nzima ikafedheheka. Polisi wakawakamata watu wawili, na Rais wa wakati ule, Mohamed Nasheed, akawaomba radhi wageni.

Tusi lile lililaaniwa, na lilistahiki kulaaniwa; mgeni hatukanwi, seuze mgeni aliyekuja na furaha yake. Lakini katika kelele za siku zile jambo moja zito lilipitwa bila ya kutazamwa. Tusi liliwezekana kwa sababu sherehe yenyewe iliundwa isihitaji kueleweka. Lau mtu yule angalisoma dua njema kuliko zote, au bei za samaki sokoni, wageni wangalisimama vilevile, wangalitabasamu vilevile, na wangalilipa kiasi kilekile. Maneno yaliingizwa katika hesabu pamoja na maua, makuti na kitambaa cheupe. Yalikuwa mapambo ya masikio. Na mapambo, kwa kuwa hayasemi kitu, hayana la kusema uongo wala la kusema kweli, mpaka atokee mwenye lugha yake.

Habari hii ya kisiwa cha mbali inaiangukia Unguja kuliko inavyodhaniwa, kwani biashara ya arusi za ugenini imebadilika sana tangu mwaka ule, na mabadiliko yenyewe yanaelekea palepale palipotendeka tusi.

Zamani za karibu, arusi ya ugenini ilikuwa jambo dogo. Wawili walikuja fungateni. Hoteli ikawauzia keki, shada la maua, mpiga picha na mtu wa kuwafungisha ndoa, kwa bei moja, jioni moja, na asubuhi yake wakaenda kuogelea. Walitaka ufukwe wa Bahari ya Hindi uonekane kama kanisa la kwao lililoezuliwa paa. Leo watu wa fedha hawataki tena hivyo. Wanakodi hoteli nzima kwa siku tatu, nne au tano. Mratibu wa arusi anatoka London, Johannesburg au Dubai na wapambaji wake na mafundi wake wa taa. Wageni waalikwa wanapewa siku ya kukaribishwa, siku ya kutembea, siku ya ndoa na siku ya kuagana. Mfano mkubwa uliwekwa na familia ya Ambani ya India mwaka 2024: siku tatu za shamrashamra huko Jamnagar mwezi wa Machi, kisha safari ya meli ya kifahari kutoka Italia hadi kusini mwa Ufaransa, na ndoa yenyewe Mumbai mwezi wa Julai. Wengi hawana mali ile, lakini mtindo huteremka. Wa ngazi ya chini humwiga wa ngazi ya juu kwa kadiri ya mfuko wake.

Badiliko la pili halionekani katika picha, nalo ndilo kubwa zaidi. Ndoa imehama kutoka kwenye arusi. Sheria za nchi nyingi zinachosha: karatasi za kutafsiriwa, mihuri, siku za kungoja. Ufaransa, kwa mfano, humtaka mmoja wa maarusi au mzazi wake awe na makao katika mji wanaotaka kuoania. Basi maarusi wengi huenda kwanza ofisini kwao, wakatia saini kimyakimya, kisha wakasafiri kwenda kufanya "arusi". Mji wa Venice umeziona sura zote mbili. George Clooney na Amal Alamuddin walipofanya karamu yao huko mwezi wa Septemba 2014, walikwenda pia kwenye jumba la halmashauri ya mji, Ca' Farsetti, tarehe 29 ya mwezi ule, kukamilisha ndoa mbele ya sheria ya pale. Jeff Bezos na Lauren Sánchez walipokuja mwezi wa Juni 2025, walifanya sherehe yao katika kisiwa cha San Giorgio Maggiore, na magazeti yakaripoti kwamba sherehe ile haikuwa na nguvu ya kisheria nchini Italia. Kwa mlango mmoja aliingia bwana arusi aliyeuhitaji mji umshuhudie. Kwa mlango wa pili, miaka kumi na moja baadaye, akaingia aliyeuhitaji umpambie. Wakaazi wa Venice, ambao katika mji wao wa kale hawafiki tena elfu hamsini, waliandamana, na karamu ya mwisho ikahamishiwa Arsenale, penye kuta na maji ya kuwazuia watu. Walisemwa kuwa wana wivu. Huenda walikuwa wameelewa tu kwamba hawakualikwa hata kama mashahidi.

Sasa, ndoa ikishatolewa ndani ya arusi, hubaki nini cha kuifanya arusi ya mahali fulani iwe ya mahali pale? Hubaki chakula, mandhari, na kile ambacho waratibu wanakiita uhalisi. Uhalisi ndio bidhaa mpya. Bibi arusi wa leo hataki tao jeupe juu ya mchanga. Anataka hina, udi, jahazi wakati wa kuchwa jua, viungo, kanga na taarab. Ukiitazama juujuu, hii ni heshima. Mgeni aliyekuwa akija na kila kitu chake sasa anabisha hodi na kuuliza: nyinyi mna nini? Watu wa kisiwani wana la kumjibu. Aibu ni kwamba, aghalabu, wanamjibu kwa kitu hafifu kuliko vyote walivyo navyo.

Arusi ya mwambao ni jambo la maneno kabla ya kuwa jambo la nguo. Ndoa yenyewe ni maneno: ijabu na kabuli, walii wa mwanamke, mashahidi wawili, mahari yaliyotajwa. Atakayesema kwamba hotuba ya nikaha husomwa kwa Kiarabu na wengi waliokaa mkekani hawaifahamu, amesema kweli, lakini na atazame kinachofuata. Pale penye fundo lenyewe sheikhe huteremka kwenye Kiswahili. Humshika mkono bwana arusi, humtajia jina la mwanamke, jina la baba yake, na kiasi cha mahari, akamtaka ajibu kwa maneno yanayosikika. Akijibu kwa kunong'ona huambiwa arudie. Mashahidi hawakuwekwa pale waone kanzu, wamewekwa wasikie. Anayejua lugha tu ndiye anayeweza kushuhudia, na wale wawili watabaki mtaani miaka mingi baada ya kanzu ile kufubaa, kumkumbusha alilolitamka.

Na maneno hayaishii mkekani. Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimwachia binti yake utenzi, amfundishe mwenendo wa unyumba. Hakuna dhahabu ya sanduku iliyodumu kama ule. Somo au kungwi anamfunda mwari kwa nyimbo ambazo hazisemwi hadharani. Kwenye ngoma ya kibati ya Pemba watu hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, mbio mbio, na anayechelewa kujibu ameshindwa. Na taarab! Usiku wa taarab ya arusi ni baraza la wanawake. Mwimbaji hutupa ubeti. Ubeti una fumbo. Fumbo lina mtu wake ukumbini. Mara mama mmoja huinuka kutoka kiti cha nyuma, akaja polepole, noti juu ya kidole, akamtunza mwimbaji kwa mstari ule na si kwa mwingine, na njiani akamgeuzia uso fulani. Ukumbi mzima umeelewa. Noti ile ni hukumu ya msikilizaji aliyelisikia neno, akalipima, akalifanya lake. Mshairi anayeandika kwa ajili ya ukumbi kama ule hawezi kulala. Kina kikilegea, mizani ikipungua, fumbo likiwa wazi mno, noti hazitoki. Wanawake wale, wengi wao hawajawahi kuandikwa katika kitabu chochote cha uhakiki, ni wahakiki wakali kuliko maprofesa.

Ichukuliwe taarab hiyo ipelekwe kwenye arusi ya ugenini huko Nungwi, Kendwa, Kiwengwa au Paje. Huombwa watu watano badala ya ishirini. Huombwa wapige wakati wa chakula, dakika ishirini, si kwa nguvu, maana wageni wanazungumza. Mara nyingi huombwa kanuni, udi na fidla bila ya mwimbaji, au mwimbaji aimbe ubeti mmoja halafu ala ziendelee. Yeyote anayeujua wimbo wa mishororo mitatu anajua kilichokatwa: fumbo hufungwa mwanzo na hufunguliwa mwisho, na kibwagizo ndicho kinachorudisha mkuki kwenye shabaha. Ubeti mmoja tu ni swali lililoulizwa na muulizaji akaondoka. Pembeni wamepangwa vijana wamevalishwa kanga, na jina la kanga limeandikwa vifuani mwao kwa herufi kubwa. Huenda ni la kupongeza, huenda ni la kusuta, huenda ni la kuomboleza. Hakuna aliyelichagua kwa maana. Limechaguliwa kwa rangi, lifanane na vitambaa vya meza. Mwanamke wa mwambao hawezi kumpelekea mkwewe kanga kabla ya kulisoma jina lake mara mbili.

Wapo wanaoitetea biashara hii, na si watu wa kupuuzwa. Wanasema hoteli zinaajiri, na ni kweli. Wapishi, waogeshaji wa hina, manahodha, mafundi seremala, vijana wa meza, wote wanapata riziki, na mwenye kushiba asimfundishe mwenye njaa kukataa sahani. Hoja hiyo haina haja ya kupingwa. Inayostahiki kupingwa ni ya pili, inayosemwa kwa majivuno makubwa zaidi: kwamba arusi hizi ndizo zinazoihifadhi sanaa ya visiwani, na lau si wageni, kanuni na udi vingaliingia mchwa.

Historia ya taarab yenyewe inakanusha. Mapokeo yanasema Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Taarab ikaingia kwa mlango wa jumba la mfalme, ikiimbwa Kiarabu, mbele ya watu wengi ambao waliipenda sauti bila ya kuyajua maneno. Ilikuwa muziki wa kukaliwa kitako na kutikiswa kichwa. Hata vijana wa mjini walioasisi Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905 walianza kwa Kiarabu hichohicho. Nani aliifanya iwe sanaa ya watu? Ni mwanamke kutoka Fumba, binti wa mfinyanzi, aliyekuwa akizungusha vyungu mjini: Siti binti Saad. Yeye aliichukua sauti ile akaitia Kiswahili. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda na sauti tupu. Alikwenda na habari za mjini, dhuluma za mahakamani, mapenzi na masuto. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na jinsi hukumu ilivyowageukia mashahidi badala ya muuaji. Santuri zilinunuliwa kote mwambao na bara kwa sababu waliozinunua walielewa kila neno. Taarab ilipata uhai siku ilipompata msikilizaji anayejua inasema nini, na Shaaban Robert akaona inafaa kumwandikia mwanamke yule wasifu mzima.

Kinachofanyika sasa ufukweni ni safari ya kurudi nyuma. Sauti inavuliwa maneno yake na kurudishwa jumbani, ila jumba la leo lina bwawa la kuogelea. Tena Barghash alijua alichokiagiza kutoka Misri, na barazani mwake walikuwapo wajuzi wa Kiarabu. Mratibu wa arusi hana mtu hata mmoja mezani anayeweza kusema kwamba mwimbaji amekosea.

Hapo ndipo hasara ilipo, na ni hasara ya mshairi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Msikilizaji asiyejua lugha humlea mshairi mvivu. Kikundi kinachopiga usiku nne kwa wiki mbele ya watu wasioelewa hakina sababu ya kuagiza wimbo mpya. Nyimbo kumi za zamani zinatosha, tena ubeti wa kwanza wa kila moja. Mtunzi haitwi, kwa kuwa hakuna kilichomchosha mteja. Kijana anayejifunza huona kwamba vidole vinalipwa na ulimi haulipwi, akakazana na vidole. Baada ya miaka ishirini kutakuwa na wapigaji wazuri sana wa kanuni, na kila mmoja atasifiwa kwa kuhifadhi utamaduni, na hakutakuwa na mtu wa kumwandikia bibi arusi wa Makunduchi au wa Wete beti sita zenye jina lake.

Wala lawama isiwekwe mlangoni kwa wageni peke yao. Arusi za wenyeji nazo zimeanza kuiga picha hizohizo. Kumbi za mjini zina jukwaa, kiti cha malkia, mpiga video anayewaamuru mama wakae wapi, na spika kubwa zinazozima kila jibizano. Kutunza kumekuwa kumwagiana noti mbele ya kamera, mstari wowote uwao. Familia zenye uwezo nazo zimeonja utamu wa kuoania ng'ambo. Huko India jambo hili liliwahi kumuudhi Waziri Mkuu Narendra Modi, aliyezilaumu hadharani, mwezi wa Novemba 2023, familia zinazokwenda kufanya arusi nchi za nje. Lakini hesabu yake ilikuwa ya fedha zinazotoka, basi. Serikali nyingi zinahesabu hivyohivyo, inayopoteza arusi kama inayozipata. Hakuna wizara inayouliza maneno gani yametoka, na yamelipwa shilingi ngapi.

Kuna la kufanya, na si kuwafukuza watu ufukweni. Mgeni ameuliza nyinyi mna nini. Apewe jibu kamili. Anayetaka taarab katika arusi yake auziwe wimbo, si sauti ya wimbo: utungwe kwa ajili yake, utiwe jina lake na la mwenzake, mtunzi alipwe kama mtunzi na si kama sehemu ya nauli ya kikundi, na tafsiri yake iliyofanywa na mtu anayeijua fani iwekwe juu ya kila sahani kabla ya mwimbaji hajafungua kinywa. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003, na COSOZA ipo kwa kazi hiyo; wimbo wa Fulani unaopigwa kila Jumamosi kwenye karamu ya watu mia mbili una mwenyewe, au una warithi wake. Anayetaka kanga aambiwe imeandikwaje, achague kwa maana. Akichagua ya kusuta ukoo wa mume wake, na iwe hivyo. Atakuwa ameoleka kimwambao kweli. Na vikundi vyenyewe vijifunze kusema hapana kwa mkato wa ubeti mmoja. Mpishi wa hoteli hakubali kuambiwa apike biriani bila ya nyama ili harufu tu ipite mezani.

Waratibu watajibu kuwa wageni watachoka, kwamba beti sita pamoja na tafsiri yake ni muda mrefu, kwamba watu wamekuja kufurahi. Beti sita zilizoimbwa kwa utulivu, pamoja na kibwagizo, huchukua takriban dakika kumi. Hotuba ya rafiki wa bwana arusi, yenye hadithi za shuleni na mizaha inayowachekesha watu watatu, huenda robo saa na zaidi, na hakuna mratibu aliyewahi kuomba ipigwe kwa zumari bila ya maneno.